Mvuvi wa Kibera na Msamiati Usio na Maji

Waulize wanafunzi wa shule yoyote ya Kibera au Kawangware wakutajie vifaa vya mvuvi. Watakujibu kwa sauti moja: ndoana, mshipi, chambo, wavu. Waulize tena chubwi ni nini, na kwa nini mvuvi mmoja huipenda nzito ilhali mwenzake huipenda nyepesi. Hapo darasa zima litanyamaza. Kosa si lao. Wamekaririshwa majina ya vitu ambavyo hawajapata kuviona vikifanya kazi.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na kwa muda mrefu niliamini kuwa maradhi hayo dawa yake ni kamusi bora. Aliyenitoa katika imani hiyo ni mzee mmoja, seremala mwenye nyumba Kibera na karakana ndogo Kawangware, ambaye amevua kwa mshipi tangu utotoni.

Alianzia Bwawa la Nairobi, linalopakana na Kibera, lililojengwa mwaka 1953 kuwa akiba ya maji ya jiji. Zama hizo mashua za matanga zilishindana juu yake, na watoto wa mtaani walikaa ukingoni na fito zao, uzi wa cherehani na minyoo. Kijiji kimojawapo cha Kibera kilicho karibu na hapo huitwa Silanga. Na silanga, katika vinywa vya watu wengi wa bara, ni bwawa.

Alipopata kazi na nauli, mzee aliwafuata samaki hadi Ziwa Naivasha. Huko alikutana na besi. Simwambii msomaji habari za sauti nzito ya kwaya, bali za samaki mwenye kinywa kipana, aliyeletwa ziwani humo kutoka Marekani mwaka 1929. Besi ni mwindaji wa kuvizia. Hujibanza penye mafunjo, magugu na magogo yaliyozama, akingoja kitoweo kipite, hasa wale kamba wekundu wa asili ya Louisiana walioingizwa Naivasha mwaka 1970.

Siku moja mzee alinipangia vifaa vyake juu ya meza ya useremala, na kila kimoja akakitolea hoja. Mshipi wake ni mnene kwa kuwa besi akishanaswa hukimbilia mashina ya mafunjo, na mshipi mwembamba hukatikia huko. Chubwi yake ni nyepesi, maana samaki huyu aghalabu hukidaka chambo kikiwa bado kinazama; kikizama kwa pupa, humpita. Chambo chenyewe ni cha bandia: kijiko cha chuma kilichokatwa mpini, kikatobolewa ncha zote mbili na kung'arishwa. Kikivutwa majini huyumba na kumetameta mithili ya kisamaki kilichojeruhiwa. Ana vingine vya kununuliwa, vya rangi za kila namna, lakini kipenzi chake ni hicho cha kijiko. "Hivi vya dukani," aliniambia, "vingi vimetengenezwa kumvua mvuvi."

Nikamwuliza kuhusu miaka ya karibuni, alipoacha kuvulia nchi kavu na kuanza kukodi mashua na wenzake wawili. Akatikisa kichwa. "Mwalimu, miaka thelathini nilivua nikiwa nimempa samaki mgongo."

Maana yake ilikuwa hivi. Mvuvi wa ukingoni hutafuta upenyo kati ya mafunjo, kisha hutupa mshipi mbali kadiri ya nguvu zake, kuelekea kilindini. Kumbe besi yuko nyuma ya mabega yake, kivulini mwa mafunjo yaleyale. Mvuvi wa mashua huja kutoka upande wa pili, akakitupa chambo ukingoni, pale samaki alipo. Ziwa ni lilelile na samaki ni yuleyule, ila macho ya mvuvi yamegeuzwa.

Vifaa navyo vikageuka. Ule ufito mrefu wa kurushia mbali ukawa adha kwa watu watatu waliobanana, akaukata mfupi. Nanga alijifunza kuishusha polepole, kwa kuwa kishindo kimoja cha ubao huwatimua samaki wa eneo zima. Alijifunza kutoka alfajiri, kabla ya upepo wa alasiri kulichafua ziwa, na kutojipitisha kamwe kati ya kiboko na kina cha maji.

Lililonishangaza zaidi ni lugha yake. Mzee huyu, mtu wa bara asiyepata kuishi pwani, alikuwa akisema omo na tezi, kafi na kasia, bila kujikwaa. Nikamwuliza alizisomea wapi. Akacheka. "Mwenzetu mmoja ni mtu wa Mombasa. Lakini sikusoma, mwalimu. Mkiwa watatu chomboni na upepo umewageuza, huna nafasi ya kusema 'ile sehemu ya nyuma pale'. Mtazama."

Katika sentensi hiyo mna somo ambalo sisi wataalamu hulizungukia kwa kurasa nyingi. Neno hukaa pale linapohitajika. Tazama ushahidi mwingine. Hakuna mtoto wa Kawangware anayefundishwa shuleni maana ya mgongo wazi. Anaijua kwa kuwa mifupa hiyo ya mbuta hukaangwa kando ya njia apitayo, minofu yake ikiwa imekwisha kuuzwa kwingine, ng'ambo hasa. Omena vilevile anaijua. Maneno hayo hayakuhitaji kamusi. Yaliletwa na sufuria. Chubwi, omo na tezi hazikupata wa kuzileta.

Nazo zingeweza kuletwa, kwani maji yalikuwapo mlangoni. Lakini katika miaka ya 1990 magugumaji yalilivamia Bwawa la Nairobi, huku majitaka, taka na mchanga vikilijaza. Kwa miaka mingi sehemu yake kubwa imekuwa uwanda wa majani, na kizazi kizima cha Silanga kimekua kando ya bwawa pasi na kumwona mtu akivua humo. Tumezoea kuuhesabu msiba huo kwa maji na afya, na ni haki. Ila pamoja na maji, tulizika darasa.

Najua watakaosema kuwa uvuvi wa ndoana ni anasa, na kwamba mtoto wa mtaa duni anahitaji alama za mtihani kwanza. Lakini ni mtihani uo huo unaomtaka aandike insha yenye uhai. Ataupata wapi uhai huo, ikiwa kila neno alijualo juu ya maji amelitoa katika orodha?

Kwa hivyo nawaomba walimu wenzangu jambo dogo, wakati bwawa likingoja wenye mamlaka. Mwiteni darasani mvuvi, seremala au mshonaji wa mtaani. Aje na ndoana moja na chubwi mbili, aeleze ni ipi aipendayo na kwa nini. Hiyo "kwa nini" ndiyo lugha yenyewe. Wahenga walikwisha kunena: mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Sisi tumekuwa tukimtafuta pweza huyo katika kamusi, tumempa mvuvi mgongo.