Mteja akikutishia "tutaonana mahakamani": nilichojifunza kwenye kesi ya jamaa aliyejiita mwanzilishi wa Bitcoin

Posti ya leo ni ndefu kidogo, kwa hiyo chukua chai yako ukae, uisome mpaka mwisho.

Naanza na aibu yangu mwenyewe. Mwaka jana nilimuuzia dada mmoja wa mkoani viatu pea tatu. Alilipa, nikafunga mzigo, nikaupeleka stendi, akaupokea, akanishukuru kabisa kwenye WhatsApp. Wiki tatu baadaye akarudi inboksi anataka hela yake yote. Viatu ameshavivaa, na picha alikuwa ameziweka status mwenyewe! Nilipomkatalia akaniandikia: "Nina mwanasheria, nakufungulia kesi, hilo duka lako utalifunga."

Kiukweli niliogopa. Mimi nimeishia kidato cha nne, sheria sijasomea, nikisikia neno mahakama tumbo linauma. Nikamrudishia 65,000 yaishe. Hayakuisha. Siku kumi na nne hazijapita akarudi tena, safari hii anadai 150,000 za "fidia ya usumbufu", na kesi ile ile mdomoni.

Usiku huo sikulala. Nikaanza kutafuta kwenye simu: hivi mtu anaweza kukushtaki shtaki tu anavyojisikia? Mahakama haina kitu cha kumfanya mtu wa aina hiyo? Hapo ndipo nikakutana na kesi ya Craig Wright wa kule Uingereza. Nimeisoma kidogo kidogo kwa miezi, na nataka kuwasimulia kwa sababu imenitoa woga.

Huyu Wright ni nani?

Bitcoin ilianza na andiko lililotoka mwaka 2008 kwa jina la Satoshi Nakamoto. Hilo ni jina la kujificha, mwenyewe hajulikani mpaka leo. Mwaka 2016 Craig Wright, mtu wa kompyuta kutoka Australia, akajitokeza hadharani kusema Satoshi ni yeye. Watu wengi hawakumwamini. Yeye akaanza kuwapeleka mahakamani.

Angalia orodha yake. Mnorwei mmoja anayejulikana Twitter kwa jina la hodlonaut alimwita tapeli mwaka 2019, akajikuta kwenye kesi London na nyingine Oslo. Peter McCormack, Mwingereza mwenye kipindi cha mtandaoni, naye akashtakiwa kwa kumchafulia jina. Kampuni ya Wright iliyosajiliwa Seychelles ikawashtaki watu wanaotunza programu ya Bitcoin, wengine wakiwa wanafanya kazi hiyo kwa kujitolea tu, ikitaka waisaidie kupata sarafu ambazo ilidai zimeibiwa. Na mwendeshaji wa tovuti ya Bitcoin.org, anayejiita Cobra, akashtakiwa kwa kuweka lile andiko la mwaka 2008 kwenye tovuti yake.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya hao watu. Hata kama una haki, wakili anataka hela, muda unaenda na usingizi hupati. Kesi yenyewe inageuka adhabu kabla jaji hajafungua mdomo. Yule dada wa viatu hakuwa na kesi yoyote, lakini alijua kwamba neno "kesi" peke yake linanitetemesha.

Mahakama ilimfunga breki hatua kwa hatua

Mwaka 2020 kampuni na watu wa kripto waliunda umoja unaoitwa COPA. Mwaka 2021 wakaenda wao wenyewe Mahakama Kuu ya London kuomba itamkwe wazi kwamba Wright siyo Satoshi. Kesi ikasikilizwa kuanzia Februari 2024 mbele ya Jaji Mellor. Tarehe 14 Machi 2024, mawakili walipomaliza tu kuzungumza, jaji akatamka palepale kwamba Wright siyo Satoshi. Hukumu ya maandishi ya mwezi Mei ikaeleza kwamba alidanganya mahakama sana na kwamba alighushi nyaraka ili kujenga hadithi yake.

Baada ya hapo ndipo vyuma vikaanza kukaza. Nawapangia kwa ngazi:

Ngazi ya kwanza ni kuzuia mali. Machi 2024 hiyo hiyo, ilionekana anahamisha hisa zake nje ya Uingereza. Mahakama ikazuia mali zake popote zilipo duniani, kiasi cha paundi milioni 6, ili gharama za waliomshinda zisije zikakosa pa kulipwa.

Ngazi ya pili ni zuio. Julai 2024 akakatazwa kufungua kesi yoyote ya kudai yeye ndiye Satoshi, na hapa ndipo mimi niliposimama nikasoma mara mbili: akakatazwa hata KUTISHIA kwamba atashtaki. Yaani mahakama inajua kwamba kitisho peke yake ni silaha. Akaamriwa pia aweke tangazo kwenye tovuti yake na kwenye akaunti yake ya X kwamba mahakama imeona siyo Satoshi. Na jaji akapeleka faili kwa waendesha mashtaka wa serikali waangalie kama ashtakiwe kwa uongo chini ya kiapo.

Ngazi ya tatu ni adhabu ya kudharau mahakama. Jamaa hakukoma. Oktoba 2024 akafungua kesi nyingine akidai zaidi ya paundi bilioni 900. Bilioni, siyo milioni. Desemba 2024 Jaji Mellor akamkuta na hatia ya kudharau mahakama, akampa kifungo cha miezi 12. Kifungo hicho kiliahirishwa kwa miaka miwili, maana yake akitulia haendi gerezani, akivunja tena amri anaweza kwenda. Alisomewa adhabu akiwa Asia, kwa njia ya video.

Ngazi ya nne ndiyo yenye jina la "mdai msumbufu". Mwaka 2025 jaji huyo huyo akampa amri ya jumla ya kumzuia kufungua mashauri, kwa miaka mitatu. Na faili likapelekwa kwa Mwanasheria Mkuu, aamue kama aombe zuio kubwa zaidi.

Hiyo amri inafanyaje kazi?

Hapa niliichimba vizuri kwa sababu ndilo swali langu la ule usiku.

Uingereza wana amri za aina tatu. Ndogo inamzuia mtu kuleta maombi mapya ndani ya kesi moja, kama ameshaleta mawili au zaidi yasiyo na kichwa wala miguu. Ya kati inamzuia kufungua mashauri yanayohusu ugomvi ule ule, kama amekuwa akirudia rudia. Ya jumla ni kwa yule ambaye ya kati haitamtosha: hafungui shauri lolote kwenye mahakama zilizotajwa mpaka kwanza jaji aliyeteuliwa ampe ruhusa. Amri hizi mahakama yenyewe inaweza kuzitoa, hata bila mpinzani kuomba.

Juu ya hizo tatu kuna sheria ya mwaka 1981, kifungu cha 42. Hapo Mwanasheria Mkuu ndiye anayeenda Mahakama Kuu kuonyesha kwamba mtu fulani ana tabia ya kufungua mashauri mara kwa mara bila sababu ya maana. Kitu hiki siyo kipya kabisa. Sheria yao ya kwanza ya namna hii ni ya mwaka 1896, wakati hakuna simu ya mkononi wala kripto. Na wenzetu Kenya nao wanayo sheria yao, Sura ya 41, yenye utaratibu unaofanana na huo wa kupitia Mwanasheria Mkuu na Mahakama Kuu.

Ila elewa kitu kimoja. Mlango haufungwi moja kwa moja. Mtu akiwa na dai la kweli, anamwonyesha jaji, anapewa ruhusa, anaingia. Tofauti ni kwamba sasa jaji ndiye anayelipima dai kwanza, kabla mtu mwingine hajasumbuliwa kuitwa na kulipa wakili. Mahakama zinakwenda taratibu kwenye hili kwa sababu kwenda mahakamani ni haki ya kila mtu, hata mkorofi. Ndiyo maana Wright alianza kushtaki watu mwaka 2019 na breki ya mwisho ikaja 2025. Miaka sita! Kwa hiyo usitegemee mahakama itakuokoa kesho asubuhi.

Sasa sisi wauzaji tunatoka na nini?

1. *Tofautisha kitisho na wito.* Meseji ya inboksi ni maneno. Wito wa mahakama una jina la mahakama, namba ya shauri, muhuri na tarehe ya kufika. Ukitumiwa "wito" wenye mashaka, nenda na karatasi yako mpaka mahakama iliyotajwa, uliza masjala kama hiyo namba ipo. Kuuliza siyo kosa.

2. *Wito wa kweli ukija, usiupotezee.* Kumbuka yule Cobra wa Bitcoin.org. Hakutaka kujitambulisha, kwa hiyo hakujitetea. Mwaka 2021 Wright akapewa ushindi bila mpinzani, Cobra akaamriwa aondoe lile andiko na alipe paundi 35,000 za gharama kwa kuanzia. Mtu huyo huyo ambaye miaka mitatu baadaye alionekana mwongo, alishinda siku ile kwa sababu upande wa pili hakukuwa na mtu. Hili niliposoma liliniuma kuliko yote.

3. *Tunza ushahidi ukiwa bado mtamu na mteja.* Wright aliangushwa na nyaraka: wataalamu walikagua tarehe na mafaili yake wakaona yamechezewa. Wewe weka oda, meseji ya malipo, risiti ya basi au ya boda, picha ya mzigo kabla ya kufunga, na ile meseji ya "nimepokea, asante". Usifute chati kwa hasira. Na usiguse hata neno moja kwenye skrinshoti, hata kama ni kurekebisha tu herufi. Ukikutwa umechezea kimoja, na vile vya kweli vinatiliwa shaka.

4. *Usiandikiwe majibu ya sheria na akili bandia halafu ukayatuma bila kuyahakiki.* Novemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilimkatalia Wright ruhusa ya kukata rufaa, na ikabaini kwamba kwenye karatasi zake kulikuwa na kesi ambazo hazipo duniani, zinazoelekea kubuniwa na akili bandia. Mimi natumia hizo programu kuandika matangazo ya viatu, ila kwenye jambo la sheria namuuliza mtu, hata kwenye vituo vya msaada wa kisheria.

5. *Usidanganye hata kidogo, hata ukiwa na haki.* McCormack alikutwa kweli alimchafulia Wright jina, lakini kwa sababu Wright alileta maelezo ya uongo kwenye kesi yake, mwaka 2022 jaji alimpa fidia ya paundi moja. Moja tu. Miezi miwili baadaye mahakama ya Oslo ikampa ushindi yule hodlonaut.

6. *Na sisi tusiwe Wright.* Hapa najisema na mimi. Kuna msambazaji aliwahi kunichelewesha mzigo, nikamtumia meseji kumi za "nakupeleka mahakamani" wakati hata mahakama ilipo sikuijua. Kama unadai, andika barua moja yenye hesabu na tarehe. Kama hajalipa na una ushahidi, fungua shauri. Vitisho vya kila siku vinakuharibia dai lako mwenyewe.

Yule dada iliishaje?

Asubuhi yake nilimjibu mara moja tu: "Dada yangu, viatu ulivipokea ukashukuru, na nimekurudishia 65,000 juu. Kama bado unaona una dai, fungua shauri. Wito ukinifikia nitakuja na risiti zangu zote." Nikaweka simu chini, mikono inatetemeka kweli kweli.

Akasoma, zile tiki mbili zikawa za bluu. Hakujibu. Mpaka leo sijapata wito wala meseji.

Zile 65,000 hazikurudi, na sitazidai. Nimeziandika kwenye daftari la duka, ukurasa wa matumizi, mstari mmoja: "ada ya shule".

Wewe umewahi kutishiwa kesi na mteja au msambazaji? Ulifanyaje? Andika hapo chini, kuna mwenzako usiku wa leo hana usingizi kwa meseji ya namna hiyo.