Malkia Aliyetolewa Kafara

Muhula uliopita, katika mashindano ya sataranji baina ya mabweni, nilishindwa na kijana wa kidato cha pili. Nilikuwa nimemzidi askari wawili, na wenzangu waliosimama nyuma yangu walikwisha anza kushangilia. Yule kijana akamsogeza malkia wake mahali ambapo malkia wangu aliweza kumla. Nikamla upesi. Papo hapo ngome yake ikashuka hadi mstari wangu wa nyuma, mfalme wangu akakosa pa kukimbilia, na shangwe zikahamia upande wa pili. Tangu siku ile nimechunguza sana jambo hili, na naona yafaa niwaeleze wasomaji.

Kosa huwa ni letu wenyewe. Wengi wetu humficha mfalme pembeni, nyuma ya askari watatu, kisha tukamsahau. Askari wale humkinga kwa mbele, lakini ndio hao hao wanaomfungia ndani. Ngome ya adui ikiingia mstari wa nyuma, mfalme hana nyumba ya kwendea. Inayozuia msiba huo mara nyingi ni kete moja tu inayoulinda mstari. Basi adui mwenye akili huivuta kete hiyo iache kazi yake, na chambo chake ni malkia.

Mfano mzuri kuliko yote niliyoiona ni mchezo wa Moscow wa mwaka 1914. Bernstein alicheza weupe, na Capablanca wa Kuba, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1921, alicheza weusi. Pangeni kete mwone. Weupe: mfalme g1, malkia e2, ngome c3, askari a2, e3, f2, g2 na h2. Weusi: mfalme g8, malkia b6, ngome d8, askari a7, f7, g7 na h7. Bernstein ndiyo kwanza amekula askari, naye bila shaka alijiona tajiri.

Capablanca akampeleka malkia b2, mbele ya malkia wa Bernstein! Akiliwa, ngome ya weusi yashuka d1 na mchezo umekwisha. Malkia mweupe akirudi e1 kulinda, malkia mweusi aila ngome ya c3. Naye akiliwa hapo, ngome yashuka d1 vile vile. Ngome nyeupe ikikimbilia c2, malkia mweusi aenda b1 kumtishia mfalme. Malkia mweupe hujikinga f1, na ngome yaliwa. Bernstein akakubali kushindwa pale pale.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni hili. Mchezaji mwenye pupa angeanza kwa malkia b1. Malkia mweupe angejikinga f1, na kama weusi wangeshusha ngome d1, ngome nyeupe ingeruka c8 na kummaliza mfalme mweusi, kwa maana yeye pia alikuwa amefungiwa na askari wake! Wote wawili walikuwa na ugonjwa mmoja. Capablanca aliuona wa mwenzake bila kuusahau wake.

Sasa rudisheni kete kama zilivyokuwa, ila askari wa h2 mwekeni h3. Malkia mweusi aende b2, aliwe, ngome ishuke d1. Mfalme mweupe apanda h2, na weusi wamempoteza malkia bure.