Tusiunguze Kompyuta kwa Waya wa Spika

Zamani mpiga gitaa wa Rungwa aliyetaka sauti yake ihifadhiwe alikuwa na safari ndefu. Apite porini mpaka stesheni ya Itigi, kisha apande treni mpaka Dar es Salaam, kwenye studio ya Radio Tanzania. Huko ndiko Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, alikorekodi nyimbo zinazosikika mpaka leo. Wengi hawakufika. Nyimbo zao zimezikwa nao.

Siku hizi kompyuta ndogo inatosha. Lakini hebu tuijue hatari yake kwanza.

Nyuma ya amplifaya kuna tundu la waya wa spika. Tundu hilo hutoa umeme wenye nguvu. Amplifaya ya wati 50, yenye spika ya omu 8, inaweza kutoa volti 20. Tundu la kuingizia sauti kwenye kompyuta linataka kama volti moja, au chini yake. Tukiunganisha moja kwa moja, basi, fedha zilizochangwa na kikundi kizima zimeungua. Na kama amplifaya ni ile ya valvu, tusiichomoe spika tukapiga gitaa. Amplifaya yenyewe inaweza kufa.

Njia salama ni hii:

1. Spika tuiache mahali pake. Tuweke maiki mbele yake, umbali wa vidole viwili au vitatu. Ikielekea katikati ya spika, sauti huwa kali. Ikisogezwa pembeni, huwa nzito.

2. Waya wa maiki uingie kwenye kisanduku cha kuingizia sauti. Kisanduku hiki huikuza sauti, huipima, na kuigeuza kuwa namba. Kwa kipimo cha CD, sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde. Namba hizo huingia kwenye kompyuta kwa waya wa USB.

3. Kabla ya kurekodi, mpigaji apige kwa nguvu zake zote. Taa nyekundu ikiwaka, tupunguze. Sauti iliyozidi kipimo hukwaruza, wala haitengenezeki vizuri baadaye.

4. Kompyuta itumie betri yake, na jenereta ikae mbali. Kumbe mngurumo wake nao hunaswa!

Kazi ikiisha, tuinakili mahali pawili, maana kompyuta huharibika na huibiwa. Wazee wapiga gitaa bado tunao. Tuwarekodi wangali wanapiga.