Mwanafunzi Asiye na Kitabu Nyumbani

Katika madarasa mengi ya kidato cha kwanza nchini Tanzania huketi bega kwa bega wanafunzi waliotoka katika mazingira yasiyolingana. Mmoja amekulia katika nyumba yenye magazeti, vitabu vya hadithi na mzazi wa kumsomea. Mwingine hakupata kushika kitabu ila kile cha darasani, nacho alikitumia pamoja na wenzake watatu. Wote wawili wamefaulu mtihani wa darasa la saba, na wote wawili sasa hukabidhiwa kitabu cha Biolojia kilichoandikwa kwa Kiingereza. Muhula unapokwisha, mmoja huitwa hodari na mwingine huitwa mzito wa kuelewa. Hukumu hiyo hutolewa kabla ya kupimwa jambo linalostahili kupimwa, yaani wingi wa maneno ambayo kila mmoja wao amekwisha kuyasoma maishani.

Akili ya binadamu hushika mambo machache tu kwa wakati mmoja. Msomaji anayehangaika kutambua matamshi ya neno hubakiwa na nafasi ndogo ya kufikiri maana yake. Kwa Kiswahili taabu hiyo hupita mapema, kwa kuwa herufi a hutamkwa a popote iwapo. Kiingereza sivyo: herufi nne zilezile, ough, zina sauti tatu katika maneno though, through na cough. Mtoto aliyekuwa msomaji mwepesi wa Kiswahili hulazimika kuanza tena, huku somo likiwa halimngojei.

Baada ya matamshi huja msamiati. Utafiti wa Marcella Hu na Paul Nation, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba msomaji wa lugha ya kigeni huhitaji kujua takriban maneno 98 katika kila 100 ili aielewe hadithi vyema bila msaada. Katika ukurasa wa maneno 300, hayo ni maneno mageni sita tu. Mwanafunzi anayekutana na neno geni moja katika kila kumi atakuwa na maneno 30 asiyoyajua katika ukurasa huohuo. Hapo ukurasa humfungia mlango, hata awe na bidii namna gani. Naye asiyeelewa husoma kidogo, na kwa kusoma kidogo hazidishi msamiati, hivyo pengo hupanuka mwaka hata mwaka. Mwanasaikolojia Keith Stanovich aliieleza hali hiyo mwaka 1986, akaipa jina la Mathayo kutokana na Injili.

Jambo hili si geni nchini. Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd waliripoti kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kuwawezesha kujifunza masomo mengine. Mjadala wa lugha ungali ukiendelea, wala mwalimu wa kijijini hawezi kuungoja uishe. Kipindi chake cha kesho asubuhi kiko palepale.

Afanye nini basi? Mfano mmoja wa kutia moyo ulitoka Fiji, ambako watoto wa vijijini pia hujifunza kwa Kiingereza kisicho lugha ya nyumbani. Kuanzia mwaka 1980 Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi 250 katika kila darasa lililochaguliwa, na watoto wakapewa dakika 20 hadi 30 kila siku za kuvisoma. Baada ya miezi minane maendeleo yao katika kusoma yalikuwa karibu maradufu ya kawaida, na baada ya mwaka wa pili faida ilikuwa imeenea hata katika kuandika. Izingatiwe kwamba usomaji huo ulifanyika shuleni. Mwanafunzi anayeteka maji jioni na kukosa taa usiku hasaidiwi kwa kuambiwa akasome nyumbani.

Mwalimu wa sayansi naye asidhani kwamba kazi hii ni ya mwalimu wa Kiingereza peke yake. Neno photosynthesis humtisha mwanafunzi. Usanisinuru humwonyesha mara moja kwamba kuna kuunda kitu kwa nuru. Mwalimu aanze hapo, awaache wanafunzi wajadili kwa Kiswahili jinsi jani linavyotengeneza chakula, kisha arudi kwenye aya ya Kiingereza na kuisoma kwa sauti, wao wakifuata kwa macho. Aya moja iliyoeleweka hivyo ina faida kuliko kurasa tatu zilizonakiliwa ubaoni.

Vitabu vyepesi navyo vitolewe kabatini, hata kama vitachakaa. Ili kumpa kila mmoja kinachomfaa, mwalimu amchagulie kipande cha maneno 100, amwombe ayapigie mstari kwa penseli maneno asiyoyajua, kisha wayahesabu pamoja. Yakizidi matano, atafutiwe kitabu chepesi zaidi, bila kutangaziwa wenzake, na hesabu irudiwe katikati ya muhula.