Safari ya chuo kikuu huanza kidato cha pili

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, steshenari za miji yetu hujaa vijana wenye bahasha za kaki mikononi. Ndani ya bahasha mna cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na picha za paspoti. Mwenye steshenari anageuka mshauri wa elimu ya juu. Yeye ndiye anayefungua mfumo wa chuo, yeye ndiye anayeuliza, "Unataka kozi gani?", na kijana akisitasita, yeye huyohuyo humchagulia. Barua pepe inayojazwa ni ya dukani. Neno la siri analijua yeye. Namba ya simu ni ya mjomba aliye Kahama, kwa sababu kijana hana simu. Wiki chache baadaye kijana anachaguliwa na vyuo viwili, na mfumo unatuma kwa simu namba ya kuthibitishia chuo kimoja. Simu ya mjomba haipatikani. Muda wa kuthibitisha unapita, na nafasi inapotea.

Tukizungumzia vijana wasiofika chuo, tumezoea kutaja ada na ufaulu. Ni kweli mambo hayo mawili yanawakwamisha wengi, na Tanzania imeyafanyia kazi. Ada iliondolewa kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, kisha kidato cha tano na sita mwaka 2022. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inatoa mikopo tangu 2005, na kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 imewafikia hata baadhi ya wanafunzi wa stashahada. Lakini lipo kundi la tatu: vijana waliofaulu, wenye sifa za kupata mkopo, ambao wamepotea njiani kwa sababu hakuna aliyewaonyesha njia. Katika nyumba ambayo baba au shangazi amepita chuo, maarifa haya hutolewa mezani wakati wa chakula cha usiku. Katika nyumba ambayo hakuna aliyepita, ni shule ndiyo inayopaswa kuyatoa, na shule nyingi haziyatoi.

Ninaloliamini ni hili: kumwandaa mtoto kwa ajili ya chuo ni kazi ya shule kama ilivyo kufundisha hisabati. Kazi hiyo inaanza kidato cha pili, na haiishi mpaka kijana amesajiliwa chuoni.

Mlango unaofungwa mapema

Kwa nini kidato cha pili? Kwa sababu baada ya upimaji wa darasa hilo, katika shule nyingi mwanafunzi huamua kuendelea na fizikia na kemia au kuziacha. Tuseme ni binti wa miaka 15 katika shule ya kata, anayependa biolojia na anayetaka kuwa daktari. Fizikia inamsumbua, mwalimu wake ni mmoja kwa shule nzima, na wenzake wanaikimbia. Naye anaikimbia. Hakuna anayemwambia kwamba shahada ya udaktari inadai pasi kuu tatu za fizikia, kemia na biolojia. Hakuna anayemwambia kwamba ili apangiwe tahasusi ya PCB kidato cha tano anahitaji angalau C katika masomo hayo matatu kidato cha nne. Hata akikubali kuanzia chini, stashahada ya utabibu nayo inataka awe na ufaulu wa fizikia. Kwa uamuzi wa siku moja, uliofanywa bila taarifa, ameshafungiwa milango yote miwili. Atakuja kulijua hilo miaka miwili baadaye, akiwa ameshika matokeo mazuri ya biolojia.

Chaguo hilo sasa linazidi kuwa gumu. Mwaka 2024 zilitangazwa tahasusi mpya 49 za kidato cha tano, zikafanya jumla kuwa 65 kutoka 16 tulizozizoea. Mtaala mpya nao umeleta mkondo wa amali sambamba na mkondo wa jumla tangu kidato cha kwanza. Hizi ni fursa njema. Lakini kwa mtoto asiye na wa kumuuliza, wingi wa njia ni wingi wa mahali pa kupotelea.

Nyaraka nazo zina hadithi yake. Anayeomba mkopo anatakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), au na mamlaka husika ikiwa alizaliwa Zanzibar. Yatima anahitaji cheti cha kifo cha mzazi. Fomu inachapishwa, inasainiwa na mdhamini, inapitishwa kwa serikali ya mtaa au kijiji, inathibitishwa na mwanasheria au hakimu, kisha inarudishwa mtandaoni. Jina likiwa "Mohamedi" kwenye cheti cha kuzaliwa na "Mohamed" kwenye cheti cha kidato cha nne, hapo ndipo pa kuanza kutafuta hati za kiapo huku siku zikihesabika. Kosa hilohilo lingeonekana kidato cha pili, kulirekebisha kungekuwa kazi ndogo ya mwalimu wa taaluma na mzazi.

Kuambiwa hakutoshi

Marekani imeshughulika na kuwaandaa vijana kwa ajili ya chuo kwa miaka zaidi ya 60. Mpango wa Upward Bound ulizaliwa katika vita dhidi ya umaskini vya Rais Lyndon Johnson, ukaanza kwa majaribio mwaka 1965, ukiwalenga wanafunzi wa sekondari wa familia zenye kipato kidogo na zile ambazo wazazi hawakusoma chuo. Mwaka 1998 ukaja GEAR UP, ambao hauchagui watoto wachache bali unaweza kuchukua darasa zima, la saba au la chini yake, na kulifuata mwaka hadi mwaka mpaka limalize sekondari. Wenzetu waling'amua kwamba ukisubiri mwaka wa mwisho umeshachelewa.

Lakini somo kubwa zaidi linatoka katika jaribio lililofanyika mwaka 2008 Ohio na North Carolina. Watafiti walishirikiana na kampuni ya H&R Block, inayowasaidia watu kujaza fomu za kodi. Familia nyingine zilisaidiwa palepale dirishani kujaza fomu ya kuomba msaada wa fedha za chuo. Nyingine zilipewa maelezo tu kuhusu kiasi ambacho zingeweza kupata, zikaachwa zijaze zenyewe. Miongoni mwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari waliosaidiwa kujaza, waliokamilisha miaka miwili ya chuo katika miaka mitatu iliyofuata walipanda kutoka asilimia 28 hadi 36. Kwa waliopewa maelezo peke yake, hakukuonekana badiliko.

Sisi tunapenda sana maelezo. Tunabandika tangazo ubaoni, tunamwalika mgeni rasmi siku ya mahafali, anawaambia vijana wasome kwa bidii, kisha anaondoka. Kijana hakukosa nasaha. Alikosa mtu wa kukaa naye saa moja mpaka fomu iishe.

Tathmini ya kitaifa ya Upward Bound iliongeza jambo jingine. Kwa wastani matokeo yake hayakuwa makubwa, ila yalikuwa makubwa kwa watoto ambao mwanzoni hawakutarajia kufika mbali kielimu. Kwetu tabia ni kumsukuma anayeongoza darasa. Yule anayeshika nafasi ya 15, anayedhani chuo ni cha watu wengine, ndiye msaada ungembadilisha zaidi.

Waliokwisha kuanza

Afrika Mashariki haianzi sifuri. Shirika la CAMFED, lililoanza Zimbabwe mwaka 1993 kwa kuwasomesha wasichana 32 na kuingia Tanzania mwaka 2005, limejenga utaratibu wa kupigiwa mfano. Wasichana waliomaliza sekondari hurudi katika shule za maeneo yao kama waongozaji wa kujitolea, wakiendesha vipindi vya Dunia Yangu Bora kuhusu kujiamini, namna ya kujisomea na kupanga maisha. Mtoto anayekaa mbele ya dada aliyetoka kijiji hichohicho hahitaji kuhubiriwa kwamba inawezekana.

Nchini Kenya, benki ya Equity iliasisi mwaka 1998 mpango wa kuwachukua wanafunzi wanaong'ara kidato cha nne, ukiwapa kazi ya mafunzo katika matawi ya benki kabla ya chuo pamoja na malezi ya kitaaluma. Huko Iten, mwanariadha Mike Boit, aliyeshinda medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich 1972, alishirikiana na mwandishi John Manners kuanzisha KenSAP mwaka 2004. Mpango huo ulianza kwa kuwanoa vijana wa Bonde la Ufa kwa mitihani na insha zinazodaiwa na vyuo vikuu vya Marekani.

Hapa nyumbani, maofisa wa Bodi ya Mikopo na wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) wamekuwa wakiwafuata vijana hata kwenye makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), ambako wengi huwa wakati dirisha la maombi linafunguliwa. Huo ndio moyo unaotakiwa: kumfuata kijana alipo.

Tunachoweza kufanya bila kusubiri bajeti

Kwanza, kila sekondari iteue mwalimu mmoja wa maandalizi ya chuo na kumpunguzia vipindi. Mwalimu wa ushauri nasaha mwenye vipindi 28 kwa wiki hana muda wa kumshauri mtu. Pili, kabla mwanafunzi hajaacha somo lolote, aketi na mwalimu huyo na mzazi, waoneshwe kwa maandishi kozi zipi zinaondoka na somo hilo. Mwongozo wa udahili wa TCU upo na ni wa bure. Kinachokosekana ni mtu wa kuufungua mbele ya mtoto.

Tatu, kila mwanafunzi wa kidato cha pili awe na faili lake: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, majina yaliyolinganishwa herufi kwa herufi, na namba ya kaya kama iko kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF). Nne, tuwatumie wanafunzi wa vyuo. Likizo yao ndefu inaangukia katika majira yaleyale ya maombi. Wanafunzi watano kwenye maktaba ya shule waliyosoma, wakiwa na kompyuta mbili na intaneti, wanaweza kuwahudumia wahitimu wote wa mwaka huo, kila mmoja akiwa na barua pepe yake na neno lake la siri.

Wewe mzazi mwenye mtoto kidato cha pili, usisubiri mkutano wa mahafali. Kikao kijacho cha wazazi, nyosha mkono, umuulize mkuu wa shule: mwanangu akiacha somo hili, hataweza kusomea nini? Akijibu, mshukuru. Asipokuwa na jibu, omba litafutwe na wazazi wote walisikie kabla watoto hawajachagua.