Bomba Kubwa, Ukuta Mwembamba



Mara hii dispensari haisemi juu ya malaria wala kuhara. Inasema juu ya bomba. Kazi ya kinu cha dhahabu tunaijua kwetu. Mgodi wa Namoya, kule Kabambare, uliingia katika uzalishaji wa kibiashara Januari 2016. Katika vinu, mabomba makubwa ya tope mara nyingi hutiwa bitana ya mpira ndani, ili mchanga na dawa visile chuma.

Mtu akiona bomba la upana wa mita 1 hudhani ni imara kama gogo. Siyo. Chukua lenye ukuta wa milimita 6 na urefu wa mita 6: chuma chake ni karibu kilo 900, lakini likijaa, maji peke yake ni kilo 4 700. Tope ni zito zaidi. Ukililaza juu ya kipande cha reli, uzito unabana pale pale, bomba linabonyea kama yai, na mpira unabanduka ndani. Kwa nje huoni kitu. Dawa inakula chuma kimya kimya.

Ndiyo sababu hukalishwa juu ya kiti kilichokatwa kwa mviringo wake, kinachokumbatia kama theluthi moja ya mzunguko. Tena huvikwa pete za chuma kwa nje, nazo huchomelewa kabla ya mpira kutiwa. Kabla! Baadaye pete hufungwa kwa bolti tu. Anayechomelea bomba lenye bitana anaunguza mpira asiouona, na moshi wake una gesi za sumu. Aliyeuvuta aje kwetu hata akisema amepona, maana kifua kinaweza kubana saa kadhaa baadaye.

Kuna na hatari ya utupu. Ukifungua vali ya chini kumwaga maji na juu hakuna pa kuingilia hewa, hewa ya nje inalikandamiza bomba kwa zaidi ya tani 9 kila mita ya mraba. Mmeona kidumu kilichofungwa na maji ya moto ndani, kikipoa kinavyojikunja. Bomba nalo hujikunja hivyo, ghafla, na kuvunja viungo vyake. Ukuta ukilika hadi nusu, nguvu yake ya kukataa kubonyea inabaki sehemu 1 kati ya 8. Basi vali ya hewa isizibwe kwa tambara eti inapiga kelele.

Njia ya Kasongo hadi Kabambare inajulikana kwa mitikisiko. Bomba lisafiri na misalaba ya mbao ndani, ncha zake zimefungwa magunia zisichubue mpira. Anayeingia kuitoa asiingie peke yake, wala kabla hewa haijapimwa. Mvuke wa gundi hulewesha.

Akina mama, maji yanayovuja kwenye bomba la kinu si ya kuoshea vyombo, hata yawe meupe. Kwenye dhahabu hutumiwa siyanidi. Na watoto wasicheze kwenye mabomba yaliyolazwa chini, kwani huviringika. Mtumishi akiona kiti kimehama au bomba limelegea tumbo, akae mbali nalo, amwambie kapita siku hiyo hiyo.