Fundi, Kibarua na Mfanyakazi: Lugha katika Nyaraka za Makhan Singh

Katika mwaka 1950 mji wa Nyeri, uliokuwa makao ya utawala wa Jimbo la Kati, ulipokea shauri ambalo halikuhusu ardhi wala mifugo. Aliyeletwa mbele ya Jaji Thacker, ambaye miaka miwili baadaye angesikiliza kesi ya Kapenguria, alikuwa Makhan Singh, katibu wa vyama vya wafanyakazi. Alikuwa amekamatwa Nairobi tarehe 15 Mei pamoja na Fred Kubai, na kesho yake mgomo mkubwa ukaanza katika mji huo. Nyeri ilikuwa mbali kiasi cha kutosha na umati wa Nairobi, na yamkini utulivu huo haukuwachukiza watawala. Makhan Singh hakuficha kwamba yeye ni mkomunisti. Shauri lilipokwisha, Gavana alitoa amri ya kumzuilia, naye akapelekwa Lokitaung. Baada ya hapo alizuiliwa Maralal, kisha Dol Dol, kaskazini ya Nanyuki, na hakuachiliwa hadi Oktoba 1961.

Wanahistoria wameyaeleza mambo haya. Yasiyoelezwa sana ni yale yanayomhusu mwanafunzi wa lugha. Makhan Singh alikuwa mtunzaji wa karatasi: alihifadhi kumbukumbu za mikutano, barua, matangazo na vipande vya magazeti, na nyaraka zake zimewekwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Ni nadra katika Afrika ya Mashariki kupata nyaraka za chama cha mrengo wa kushoto kilichoanzishwa na wahamiaji, zilizotunzwa na katibu wake mwenyewe. Aghalabu vyama vya namna hiyo hujulikana kwa mafaili ya polisi tu.

Inafaa kueleza kwa ufupi chama hicho kilivyokuwa. Makhan Singh alizaliwa Punjab mwaka 1913 akaletwa Kenya mwaka 1927. Baba yake, Sudh Singh, alikuwa fundi wa reli aliyekuja kuwa na kiwanda cha kupiga chapa Nairobi, na kijana huyo alifanya kazi katika kiwanda hicho. Mwaka 1935 alichaguliwa katibu wa Indian Trade Union. Mwaka huo huo chama kiliondoa neno la kabila katika jina lake, kikawa Labour Trade Union of Kenya, na kuanzia 1937 kikaitwa cha Afrika ya Mashariki. Kilidai siku ya kazi ya saa 8, kikaongoza mgomo wa Nairobi wa mwaka 1937, na waajiri wakakubali kuongeza mishahara. Mwaka 1939 Jesse Kariuki na George Ndegwa, viongozi wa Kikuyu Central Association, waliingia katika kamati yake.

Kuondoa neno “Indian” katika jina ni jambo la dakika chache katika mkutano; kuliondoa katika lugha ya watu ni kazi nyingine. Katika mahali pa ujenzi pa enzi ile, iwe Nairobi, Karatina au Nanyuki, ambako reli ilifika karibu mwaka 1930, lugha ilikwisha kuwagawa watu kabla chama hakijafika. Mhindi wa Punjab alikuwa fundi. Mwafrika, hata aliyejua kupiga randa vizuri, mara nyingi alikuwa kibarua. Mishahara yao ilitengwa kwa rangi, na maneno hayo mawili yalisaidia kuufanya utengano huo uonekane jambo la kawaida.

Neno kibarua lenyewe linastahili kuangaliwa. Asili yake ni barua iliyotiwa kiambishi cha udogo: karatasi au kadi aliyopewa mtu wa kazi ya siku ili ahesabiwe. Kutoka kwenye kadi jina likahamia kwa mtu mwenyewe, kisha kwa kazi yake. Mtu amepewa jina la karatasi yake, naye akabaki na umbo la ngeli ya vitu vidogo, ingawa upatanisho wa sarufi humrudisha katika ngeli ya watu: kibarua amekuja, vibarua wamegoma. Kwa upande mwingine, mshahara ni neno la Kiarabu lenye shina la “mwezi”. Basi lugha yenyewe iliwatenga waliohesabiwa kwa siku na waliolipwa kwa mwezi. Chama kilichotaka kuwaita watu hawa wote kwa wito mmoja kilihitaji neno lisilotaja kadi, ustadi wala rangi. Neno hilo ni mfanyakazi.

Si haki kudhani kwamba neno hilo lilizaliwa na tafsiri ya Kiingereza peke yake. Waanzilishi wa chama walikuja na neno lao la Kipunjabi, kirti, mtu anayeishi kwa jasho lake, linalotokana na kirt, kazi ya halali ambayo mafundisho ya Sikh huihesabu kuwa wajibu wa dini. Wafuasi wa Ghadar, chama kilichoundwa na wahamiaji wa Kihindi katika pwani ya magharibi ya Marekani mwaka 1913, walilifanya kuwa jina la gazeti lao huko Punjab tangu 1926, na hivyo likapata maana ya siasa pasipo kupoteza ile ya dini. Mfanyakazi wa Kiswahili hana uzito huo wa ibada. Ni jina lililoundwa kwa kitenzi na yambwa yake, kavu kidogo, na huenda ukavu huo ndio uliolifaa: halikuwa mali ya dini yoyote wala ya kabila lolote. Matangazo ya chama yalitolewa kwa lugha kadhaa, zikiwemo Kipunjabi, Kigujarati, Kiswahili na Kiingereza. Mtafiti anayeyasoma sambamba anaweza kufuata jinsi dhana moja ilivyosafiri kutoka hati ya Gurmukhi hadi Kiswahili bila kupitia London.

Uhuru nalo ni neno la kufuatwa kwa njia hiyo. Tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa Kaloleni, Nairobi, Makhan Singh alitoa hoja ya kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika ya Mashariki. Kamusi ya Johnson iliyotolewa mwaka 1939 bado inamweleza mtu huru kuwa ni asiye mtumwa. Miaka 11 tu inatenganisha kamusi na mkutano huo.

Hapa ndipo shauri la Nyeri linapogusa lugha kwa undani zaidi. Majaribio ya awali ya kumwondoa nchini yalishindikana mahakamani, na sheria iliyotumika mwaka 1950 ilikuwa imetungwa mwaka 1949 kwa ajili ya raia wa Kiingereza “wahamiaji”. Mtu aliyekuwa amefanya bidii tangu 1935 kuliondoa neno la asili katika jina la chama alifungiwa kwa neno la asili. Kubai, aliyekamatwa naye siku moja, hakuweza kushikwa kwa sheria hiyo.

Msomaji wa nyaraka hizi hukutana na kikwazo kingine. Historia ya vyama vya wafanyakazi aliyoiandika Makhan Singh mwenyewe, iliyotoka mwaka 1969, ni ya Kiingereza, na watafiti wengi huridhika nayo. Tangazo la Kiswahili linalomfikia msomaji kwa Kiingereza limekwisha kupoteza ushahidi wake wa lugha: haijulikani tena kama “workers” ilikuwa wafanyakazi, vibarua au watu wa kazi, na tofauti hiyo ndiyo hoja yote. Hali ni mbaya zaidi katika mafaili ya serikali, yakiwemo yale ya makoloni yaliyofichwa Hanslope Park, Uingereza, na kukiriwa hadharani mwaka 2011. Humo maneno ya Kiafrika mara nyingi ni yale aliyoyasikia mpelelezi.

Karatina inatoa mfano wa kutia moyo. Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mpiga chapa wa mji huo, alizuiliwa kuanzia 1952 hadi 1959, akatunza maandishi yake ya kizuizini. Yalipotoka kwa Kikuyu mwaka 1983 yalipata Tuzo ya Noma mwaka uliofuata. Kabla ya kukamatwa alikuwa ameandika pia kijitabu cha Kiswahili, Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika. Gakaara amepata wasomaji wa lugha yake. Nyaraka za Makhan Singh zinahitaji meza moja yenye watu wawili au watatu, mmoja wao anayesoma Gurmukhi, na mwingine anayekijua Kiswahili cha miaka ya 1930 vya kutosha kutambua pale tangazo linaposema kibarua na pale linapokataa kulisema.